Somo: Kuchora obiti ya sayari kwa sindano mbili na uzi (soma lote kabla ya kuuliza habari za majira)

Wiki haipiti bila mtu kuniandikia: "Kama njia ya Dunia ni duaradufu, yaani duara lililobanwa, basi joto huja tunapolikaribia Jua, sivyo?" Sivyo. Nimelijibu swali hili kwa maneno hadi nimechoka, kwa hiyo leo naweka njia ya kila mtu kujionea kwa mkono wake.

Mahitaji: kadibodi nene, karatasi nyeupe, sindano mbili nyembamba, uzi usiovutika, rula, penseli iliyochongwa vizuri.

Hatua ya 1. Bandika karatasi juu ya kadibodi.

Hatua ya 2. Piga mstari wa kulala, weka nukta katikati yake. Hicho ndicho kitovu.

Hatua ya 3. Chomeka sindano mbili juu ya mstari, moja kila upande, kwa umbali ulio sawa kutoka kwenye kitovu. Hizo ni fokasi mbili. Jua hukaa kwenye fokasi moja tu. Chagua moja, andika J.

Hatua ya 4. Umbali kati ya sindano. Hapa nendeni polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu. Mara ya kwanza nilipochora mbele ya wanafunzi nilitaka umbo lionekane hadi nyuma ya darasa, nikatenganisha sindano kwa sentimita 14. Likatoka yai. Upande mmoja Dunia ilikuwa sentimita 3 kutoka kwenye Jua, upande wa pili sentimita 17. Mwanafunzi akainua mkono akasema, "Kumbe ndiyo maana kuna majira ya joto." Sikuweza kumkosoa, maana mchoro wangu ndio uliomwambia hivyo. Ilinichukua vipindi viwili kumwondolea picha ile, na sina hakika kama ilitoka yote.

Vipimo vya kweli ni hivi. Nusu ya urefu wa obiti ikiwa sentimita 10, sindano za Dunia zitengane kwa milimita 3.3 tu. Mirihi milimita 18.7. Utaridi, ambayo wengine mnaiita Zebaki, milimita 41. Hesabu yake: kila obiti ina namba e, ambayo kwa Dunia ni 0.0167, kwa Mirihi 0.0934 na kwa Utaridi 0.2056. Zidisha e kwa urefu wote wa obiti, yaani milimita 200.

TAHADHARI: usiongeze umbali "ili ionekane vizuri". Na usitumie pini nene kwa Dunia. Kwenye milimita 3.3, unene wa pini unaharibu kipimo.

Hatua ya 5. Funga uzi uwe kitanzi. Kikivutwa bapa kutoka kwenye sindano moja, kiwe na sentimita 10 ukijumlisha nusu ya umbali wa sindano. Kwa Utaridi ni kama sentimita 12.

Hatua ya 6. Zungushia kitanzi sindano zote mbili, ingiza penseli, kaza, zunguka.

Hatua ya 7. Sasa tazama ulichochora. Obiti ya Dunia ni duara mbele ya macho yako. Imebanwa kwa takriban milimita 0.014 kila upande, na hakuna penseli inayoonyesha hilo. Hata Utaridi imebanwa milimita 2 tu kila upande. Lakini Jua la Utaridi limesogea milimita 20 kutoka kwenye kitovu, na hilo utaliona mara moja. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote: e haikuambii kwanza jinsi obiti ilivyobanwa, inakuambia Jua limekaa kando kiasi gani.

Dunia huwa karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Kaskazini mwa ikweta Januari ni baridi. Majira yanatokana na mhimili wa Dunia kuinama nyuzi 23.4.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana_wa_Mahesabu: Sasa mkuu, kama Januari tuko karibu na Jua, mbona si joto dunia nzima?

Mwandishi: Soma mwisho wa hatua ya 7.

Mzee_Darubini: Vitabu vyote vinachora yai. Unataka kusema vyote vimekosea wewe ndiye umepatia?

Mwandishi: Sikusema hivyo. Vitabu vingi huchora obiti kana kwamba unaitazama kutoka ubavuni, na sahani ukiitazama kutoka ubavuni huonekana yai pia. Kosa ni kutomwambia msomaji kwamba anatazama kwa pembe. Pima mwenyewe kwa rula, halafu urudi.

Haraka99: nisaidie jibu la swali la 5 la homuweki, la Kepler, nakusanya kesho

Mwandishi: Hujaandika swali lenyewe. Liandike, pamoja na ulipofikia.

Nuru_ya_Jioni: Mwalimu, shikamoo. Kwenye ile fokasi ya pili kuna nini?

Mwandishi: Marahaba. Hakuna kitu, ni nafasi tupu. Swali zuri, na lina uhondo zaidi: hata Jua halijatulia kwenye fokasi yake. Jua na Mshtarii (Jupita), sayari kubwa kuliko zote, huzunguka kituo cha uzito wao wa pamoja, na kituo hicho kiko kama kilomita 742,000 kutoka katikati ya Jua. Nusu kipenyo ya Jua ni kama kilomita 696,000, kwa hiyo kituo kiko nje kidogo ya uso wake! Kuyumba kwa nyota kwa namna hiyo ndiko kulikowezesha wanaastronomia kugundua sayari za nyota nyingine.

Nuru_ya_Jioni: Asante sana. Na Kepler, mwanaastronomia aliyegundua kwamba obiti ni duaradufu, alijuaje yote haya bila darubini?

Mwandishi: Alitumia vipimo vya Tycho Brahe, mwanaastronomia aliyefariki mwaka 1601, vilivyochukuliwa kwa macho na vyombo vikubwa vya kupimia pembe. Mirihi humaliza mzunguko kwa siku 687. Kwa hiyo Kepler alichukua vipimo viwili vilivyopishana siku 687: Mirihi imerudi palepale, lakini Dunia iko mahali pengine. Mistari miwili ya kuitazama inakutana mahali ilipo Mirihi. Rudia kwa jozi nyingine, obiti inajichora nukta kwa nukta. Alijaribu kwanza duara lenye Jua kando, likakosea kwa dakika 8 za pembe, kama robo ya upana wa Mwezi mpevu. Angeweza kulisamehe kosa hilo. Hakulisamehe, kwa sababu aliviamini vipimo vya Tycho. Duaradufu ilichapishwa mwaka 1609.

Fundi_Kamera: Nyongeza kwa wenye simu: pigeni picha ya Mwezi mpevu kila mwezi kwa ukuzaji uleule, kisha pimeni kipenyo. Wangu unabadilika waziwazi.

Mwandishi: Safi sana. Mwezi huwa kati ya takriban kilomita 356,500 na 406,700, hivyo ukubwa unaoonekana hutofautiana hadi asilimia 14. Wengine msijaribu hivyo kwa Jua. Tumieni kivuli cha tundu dogo kwenye karatasi, macho yaangalie karatasi.

Msafiri_wa_Anga: Je, kanuni hizi zinafika hadi kwenye galaksi?

Mwandishi: Zinafika, na ndipo zilipotuonyesha jambo kubwa. Sayari ya mbali huenda polepole kuliko ya karibu. Miaka ya 1970 wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walipima nyota na gesi za pembezoni mwa galaksi, wakakuta hazipungui mwendo kama ilivyotarajiwa. Kuna uzito mwingi usiotoa mwanga, ndio tunaouita maada ya giza. Jua letu lenyewe humaliza mzunguko mmoja wa galaksi kwa takriban miaka milioni 230.

Haraka99: Swali ni hili: kwa nini kimondo cha Halley huenda kasi karibu na Jua? Nimeandika "kwa sababu ya joto"

Mwandishi: Si joto, na Halley ni kimondo chenye mkia, yaani nyotamkia, si kile kinachowaka hewani. Chora obiti yake: e ni 0.967, sindano zitengane milimita 193. Mstari kutoka Jua hadi Halley hufagia maeneo sawa kwa muda sawa. Karibu na Jua mstari ni mfupi, kwa hiyo lazima ikimbie ili ufagie eneo lilelile. Mvutano ndio unaoikimbiza. Umeleta swali na jaribio lako, sasa tunaweza kuzungumza.

Haraka99: Nimechora. Sindano ya upande wa Jua inang'oka kila nikipita karibu nayo.

Mwandishi: Gundi kipande cha kifutio nyuma ya kadibodi, sindano izame humo. Pale penseli inapita milimita 3.3 tu kutoka kwenye sindano, kwa hiyo legeza mkono kidogo kabla ya kupinda kona.