Kabla hujawasha moto porini: vitu vya kuokota mapema

Jamani kama mnapanga kwenda kulala porini huku Lushoto, hasa kipindi cha vuli, moto anzeni kuufikiria saa nane mchana na sio jua likishazama. Mi nishawahi kulala na baridi ya Usambara hivihivi, kiberiti kilikuwepo ila njiti ziliisha zote kwenye majani mabichi, ndo maana nasema.

Uliza kwanza. Kwenye msitu wa hifadhi kama Magamba huokoti wala hukati kitu bila ruhusa, ongea na wahifadhi au mwongozaji wako akuambie moto unaruhusiwa wapi.

Afu tafuta kile kitu laini cha kudaka cheche. Usiokote chini, udongo wa huku unatunza unyevu hata pakionekana pakavu, angalia vilivyoning'inia: majani ya mgomba yaliyokaukia kwenye shina, nyasi kavu zilizosimama, gome la ndani la mti uliokufa. Gusisha kwenye mdomo wako, ukisikia ubaridi ujue bado kina maji. Kisugue kwenye viganja mpaka kiwe nyuzinyuzi kama katani, kisha tia ndani ya shati, joto la mwili linamalizia kazi. Wa Tanga na Pangani bebeni makumbi ya nazi kwenye kopo lenye mfuniko, makumbi hayana mpinzani kwa kweli.

Vijiti sasa, hapa ndo wengi tunafeli, mtu anaokota vinane anakimbilia magogo. Vyembamba kama njiti okota mpaka vijaze kumbatio, vya unene wa penseli vivyo hivyo, ndo uje kwenye kuni. Vunja kimoja, kikilia ko! chukua, kikipinda achana nacho.

Mvua ikiwa imeshanyesha usikate tamaa, tafuta tawi lililokufa likanasa juu, nene kama mkono, lipasue kwa panga, nje limelowa chapachapa lakini ndani utakuta pakavu peupe kabisa, hapo chonga maranda membamba yanayojikunja, yanashika moto haraka. Ukipita kwenye mipaini tafuta mafundo ya matawi yaliyokufa, yana rangi kama asali na harufu kali, huo ni utomvu na unawaka hata kwenye unyevu, ila moshi wake mweusi sana, subiri uishe ndo uweke nyama. Minyaa ya kwenye uzio usiiguse, maziwa yake yakikuingia machoni utajuta.

Anayetaka kupekecha moto kwa ulindi na ulimbombo (kijiti cha kuzungusha na kibao cha chini) kama Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ajaribu kwanza nyumbani, viganja vinachubuka kabla hata moshi haujatoka, na kiberiti abebe.

La mwisho, fagia majani makavu pande zote na weka ndoo ya maji karibu kabla hujawasha. Asubuhi mwagia, koroga majivu, mwagia tena, mpaka uweze kuyashika kwa mkono mtupu.