Kichwa cha fimbo ya gofu kimechomoka? Anza na kromu

Wengi hukimbilia kutafuta gundi kali zaidi, kumbe shida ni kromu, lile tabaka linalong'aa juu ya mpini wa chuma. Epoksi, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, haishiki kwenye chuma kinachong'aa kama kioo. Inashika ndani ya mikwaruzo. Piga msasa namba 80 kwenye ncha ya mpini, zile sentimita 3 hivi zinazoingia kichwani, mpaka mng'ao wote uishe na ibaki rangi ya kijivu iliyofifia. Kwangua gundi ya zamani ndani ya tundu la kichwa. Futa kwa spiriti, na ukishafuta usiguse tena kwa kidole, mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu kazi nzima. Kwa sisi wa Mwanza, asubuhi hewa ya ziwa ina unyevu na chuma baridi hutoka jasho, kwa hiyo subiri jua lipande. Changanya epoksi kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye pakiti, paka mpini na tundu, ingiza huku ukizungusha, acha saa 24. Epoksi inayokauka kwa dakika 5 hupasuka kwa mishindo ya mpira. Mpini wa grafiti, yaani wa nyuzi za kaboni, ni habari nyingine: ondoa rangi tu, kwa mkono mwepesi. Ukikata nyuzi zake, utavunjika hapo hapo shingoni.