Kokteli ya Rangi Tatu kwa Wageni wa Msimu wa Joto

Mwezi wa Januari, kaskazi inapovuma na embe zikiwa zimejaa katika masoko ya pwani, hakuna kinywaji kinachowapokea wageni vizuri kuliko kokteli ya choya (maua mekundu ya rosela), embe na pasheni.

Anza na choya mapema, kwani ndiyo inayobeba kazi yote. Chemsha gramu 30 za maua makavu katika nusu lita ya maji kwa dakika 10, chuja, kisha urudishe maji hayo jikoni pamoja na gramu 300 za sukari mpaka yawe shira nyekundu iliyokolea, na uiache ipoe kabisa. Saga embe dodo mbili zilizoiva kwa maji kidogo, bila sukari, halafu uchuje ili nyuzi zisibaki. Changanya maji ya pasheni nne na ya ndimu moja. Wanaotumia kileo waongezewe hapo mililita 40 za ramu nyeupe kwa kila glasi.

Rangi hutengana kwa sababu kimiminika chenye sukari nyingi ni kizito zaidi. Kwa hiyo tangulia na vijiko viwili vya shira, jaza barafu, kisha umimine embe polepole juu ya mgongo wa kijiko. Ukiharakisha, utaona nyuzi nyekundu zikipanda na tabaka kuvurugika. Malizia kwa pasheni na soda nyeupe baridi. Watoto wapewe glasi zisizo na ramu, zilizotengwa kwenye sinia lao.