Kupima wiski ya singo malti ya bei nafuu kabla hujatoa hela

Kazi yangu ni kununua asali. Nazunguka Sikonge na Urambo nikionja ndoo kwa ndoo, kisha mzigo unaingia Tabora mjini. Asali nyeusi inaweza kuipita ile ya dhahabu kwa mbali, kwa hiyo rangi nilishaacha kuiamini. Kwenye wiski ya Scotland usiiamini kabisa, maana sheria yao inaruhusu kuongeza rangi ya karameli. Mtu akikuinulia chupa akisema "ona ilivyokolea", mwombe aigeuze usome lebo.

Tafuta maneno Single Malt, ndiyo singo malti yenyewe. Maana yake ni kimea cha shayiri peke yake, kiwanda kimoja, na wiski iliyolala kwenye mapipa ya mwaloni hukohuko Scotland kwa miaka 3 au zaidi. Namba kama 12 kwenye lebo inataja umri kwa miaka wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizomo. Isiyo na namba usiitupe, ionje kwanza. Stempu ya TRA iwepo kwenye chupa. Isipokuwepo, rudisha rafuni hata kama bei inavutia.

Sasa nguvu, ambayo wengi hawaitazami. Scotch, yaani wiski ya Scotland, haishuki chini ya asilimia 40 ya pombe. Tuseme chupa ya mililita 700 yenye asilimia 40 ni shilingi 140,000, na ya asilimia 46 ni 155,000. Hiyo ya pili ukiizimua kwa maji hadi 40 unapata mililita 805. Gawanya: ya kwanza ni shilingi 200 kwa mililita, ya pili 193 hivi. Iliyoonekana ghali ndiyo rahisi, na maji umeyatia mwenyewe.

Kabla ya kununua chupa nzima, nenda baa ya hoteli uombe toti moja ya kila unayoifikiria. Usiende ukiwa umetoka kula pilipili au kunywa kahawa. Omba glasi ya mvinyo, ile inayobana juu, na barafu waiache kwanza kwa sababu baridi inaficha harufu. Sogeza pua taratibu, mdomo ukiwa wazi kidogo, la sivyo spiriti itakuchoma usinuse kingine. Pipa lililotangulia kubeba bourbon, wiski ya Marekani, huleta vanila. La sherry, mvinyo wa Hispania, huleta zabibu kavu. Wewe taja unachokijua: embe bivu, ukwaju, asali ya nyuki wadogo, jani la tumbaku lililotoka bani la kukaushia. Moshi ukikupokea mlangoni, kama kwenye Laphroaig ya kisiwa cha Islay, shayiri ilikaushwa kwa moshi wa udongo mkavu wa kinamasi unaochomwa kama kuni. Glenfiddich na The Glenlivet za miaka 12 ziko upande wa matunda, na kwa anayeanza ningependekeza huko.

Funda la kwanza ni la kuuzoesha ulimi tu, usilihukumu. La pili lizungushe mdomoni, meza, halafu nyamaza usikilize. Moto ukizimika na utamu ukabaki, hiyo ni mali. Moto ukizimika na kila kitu kikaondoka nao, bei yake iwe ndogo kweli. Kisha dondoshea maji ya chupa kidogo, nusu kijiko cha chai, unuse tena. Nzuri hufunguka hapo. Dhaifu hupwaya, na mimi huwa siinunui hata ikishushwa bei.

Kama mmechanga, mwenzenu mmoja amimine pembeni bila kutaja jina, kila mtu aseme yake ndipo chupa zioneshwe. Na pikipiki ibaki palepale, mrudi kwa miguu.

Nyumbani chupa isimame wima kabatini, mbali na jua, maana kizibo cha gome kikilowekwa na pombe kali huharibika. Ikibaki robo, hewa itaimaliza harufu. Hamishia kwenye chupa ndogo ya kioo iliyooshwa na kukauka.