Ziara ya baiolojia Unguja: panga kwa mwezi, si kwa ratiba ya basi

Walimu mnaopeleka wanafunzi Jambiani au Paje kusoma viumbe vya pwani, kabla ya kulipia basi tazameni mwezi. Nendeni wakati wa bamvua, siku chache za mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Siku hizo maji hupwa sana, na kwa Unguja kilele cha kupwa huangukia kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Mkienda wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haitoki vya kutosha, na wanafunzi wataishia kupiga picha za mwani.

Fikeni saa moja kabla ya kilele, myafuate maji yakitoka. Yakianza kugeuka, rudini papo hapo. Yanajaa kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yenu, na huko ndiko watu hukwama. Mkimpata mama wa kijijini anayekwenda pwani kila bamvua akawaongoza, mlipeni vizuri; anajua shimo la pweza kwa kuangalia tu makombe yaliyorundikwa mlangoni.

Vaeni viatu vya mpira vyenye soli ngumu, kwa sababu ya miba ya nungu bahari. Andikeni kwa penseli, wino huyeyuka. Na jiwe likigeuzwa lirudishwe vilevile lilivyokuwa: sponji na mayai yaliyo chini yake hayahimili jua hata kidogo. Hili nawaomba sana.

Mchana, maji yakijaa, pitieni msitu wa Jozani mkawaone kima punju, wale kima wekundu wa Unguja.