Reli ya Voi–Taveta ndani ya chumba: mwongozo wa kupanga reli ya mfano ya enzi ya mvuke

Tawi la reli lililotoka Voi kwenda Taveta lilianza kujengwa mwaka 1915 kwa ajili ya vita, na mwaka 1916 likaungana na reli ya Tanga–Moshi pale Kahe. Vita vilipokwisha likawa njia ya katani na abiria chini ya vilima vya Taita. Waliolifahamu enzi za mvuke wangalipo, lakini kumbukumbu zao zinapotea haraka kuliko chuma. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuzigeuza kumbukumbu hizo kuwa mpango unaojengeka katika chumba cha mita 4 kwa 3, stesheni ya Mwatate ikiwa ndiyo kiini chake.

Hatua ya 1: Chagua mahali pamoja na mwaka mmoja

Kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100. Hata ukiipunguza mara 120, utahitaji karibu mita 900 za reli. Kwa hiyo usijaribu kuibana njia nzima. Stesheni moja ionekane kikamilifu. Voi na Taveta ziwe sehemu zilizofichwa ambako treni hutoka na kurudi. Mipango mingi hufia hapa: mtu anaweka Voi, Mwatate, Maktau na Taveta kwenye ubao mmoja, kila stesheni inabaki na nafasi ya mabehewa mawili, na treni inafika kituo cha pili kabla ya mkia wake kutoka cha kwanza.

Mwaka nao uamue mapema, kwa sababu ndio utakaokuambia rangi, injini na mali inayobebwa. Shirika la reli la Afrika Mashariki liliunganishwa mwaka 1948, Garratt za klasi 59 (injini kubwa za mvuke zenye boila moja katikati ya seti mbili za magurudumu) zikaingia kuanzia 1955, na jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Kipindi cha 1956 hadi 1959 kinafaa: mvuke bado unatawala na injini zina rangi ya damu ya mzee. Kufikia wakati huo zilikuwa zikichoma mafuta mazito, basi usijenge rundo la makaa ya mawe stesheni. Kosa hilo hutokana na kuiga picha za reli za Uingereza.

Sasa jambo linalowauma wengi. Klasi 59 ilikuwa na uzito wa tani 21 kwa kila ekseli. Makazi yake yalikuwa reli nzito ya njia kuu, Mombasa–Nairobi. Tawi la reli nyepesi lisingeibeba. Kama moyo wako uko kwa 59, panga Voi yenyewe, si Mwatate. Kwa tawi, tafuta injini nyepesi, kama Garratt za klasi 60 zilizoundwa kwa reli za aina hiyo.

Hatua ya 2: Kusanya kumbukumbu, kisha zipime

Anza na picha za setilaiti. Tuta la reli, mikato ya udongo na nafasi ya stesheni bado vinasomeka. Chapisha picha hiyo, iwekee alama ya kaskazini, kisha nenda nayo kwa wazee: stesheni masta, faiamani, mtu wa pointi (mitambo inayohamisha treni njia), mchuuzi aliyeuza maembe dirishani. Usiulize "stesheni ilikuwaje?" Utapata sifa, hutapata vipimo. Uliza hivi:

- Ukishuka kwenye treni ya kutoka Voi, ofisi ya tiketi ilikuwa mkono gani?
- Treni mbili zikipishana, ipi ilisubiri, na kwenye njia ipi?
- Mabehewa ya katani yaliachwa wapi, na injini iliyasukuma au iliyavuta?
- Uliweza kutembea hatua ngapi kutoka jengo la stesheni hadi ghala?

Watu wawili waulizwe mbalimbali, wasiketi pamoja. Wakikubaliana juu ya mkono na mpangilio, chukua. Wakitofautiana juu ya rangi au mwaka, amini picha. Kumbukumbu ya mtu hushika vizuri mahali vitu vilipokuwa, lakini miaka huichanganya. Jengo lililoongezwa miaka ya 1970 litaletwa kwenye simulizi ya 1957 bila msimulizi kujua. Injini zenyewe zipime kwa macho na kwa futi kamba kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi, ambako klasi 59 namba 5918, Mount Gelai, imehifadhiwa.

Hatua ya 3: Uwiano na upana wa njia

Reli yetu ni ya mita moja, wakati reli nyingi za mfano za dukani zinaiga reli halisi zenye upana wa milimita 1,435. Ukinunua reli ya kawaida ya milimita 16.5 na mabehewa ya 1:87 (yaliyopunguzwa mara 87), treni yako itaonekana imetanua miguu. Kuna njia mbili za kweli:

- 1:87 kwenye reli ya milimita 12. Mita moja kwa uwiano huo ni milimita 11.5, kwa hiyo inakaribia sana. Inapendeza, lakini ni ghali na inakula nafasi: Garratt ya klasi 59, yenye urefu wa karibu mita 31.7, inakuwa milimita 365.
- 1:120 kwenye reli ya milimita 9. Mita moja ni milimita 8.3. Tofauti ni ndogo, na unaweza kutumia reli, magurudumu na mitambo (fremu zenye mota) ya kipimo cha N, kile cha reli ya milimita 9, ambayo hupatikana kwa urahisi. Garratt hiyohiyo inakuwa milimita 265.

Kwa chumba cha mita 4 kwa 3 chukua 1:120. Mwili wa injini utautengeneza mwenyewe kwa karatasi ya plastiki au kuuchapisha kwa printa ya 3D, kisha uuweke juu ya mitambo miwili midogo ya N. Pima mitambo kwanza, ndipo uchore mwili. Wanaoanza na mwili hujikuta mota imechungulia dirishani.

Reli ya N ina dosari moja: mataruma yake, vile vipande vinavyolala chini ya reli, yamebanana. Kata vijiti vya plastiki vinavyoyaunganisha chini, kisha uyasambaze mpaka kila taruma liwe milimita 6 kutoka katikati ya jirani yake. Urefu wao unafaa kama ulivyo. Yapake kahawia ya kutu badala ya rangi ya mbao, kwa kuwa mataruma ya chuma yalitumika sana kwenye reli zetu.

Hatua ya 4: Chora kwa urefu wa treni

Urefu wa treni ndio unaoamua kila kitu. Treni mchanganyiko ya tawi: injini milimita 250, mabehewa matatu ya mizigo 300, mawili ya abiria 300, behewa la gadi 80. Jumla 930. Ongeza nafasi ya koplingi (kulabu za kuunganisha mabehewa) na ya dereva kukosea kidogo: njia ya kupishania iwe na milimita 1,000 zilizo wazi kabisa. Kila upande pointi na sehemu ambapo njia bado zimekaribiana hula takriban 250, kwa hiyo kutoka ncha ya pointi moja hadi ya pili ni milimita 1,500.

Umbo ni U. Ukutani weka mbao mbili za stesheni, kila moja 1,200 kwa 400. Kila upande kuna ubao wa kona wa 800 kwa 800, kisha mkono wa 1,200 kwa 400. Jumla ukutani ni mita 4, mikono ni mita 2, na mita moja inabaki kwa mlango. Njia ikipita milimita 200 kutoka ukutani, kona inakubali nusukipenyo cha 600. Usishuke chini ya 500; Garratt itapinda, lakini mabehewa marefu yatagongana pembe.

Njia ya kupishania ianzie milimita 450 na kuishia 1,950, ili kiungo cha mbao mbili, pale 1,200, kiangukie reli nyoofu. Pointi ikikaa juu ya kiungo, kila mbao zitakapotembea na unyevu itakwama. Pointi ni nne tu: mbili za kupishania, moja ya njia ya katani (milimita 450), moja ya njia ya ghala (350). Nunua zile ambazo sehemu ya katikati, reli zinapokatizana, ni ya chuma inayopata umeme. Za plastiki huzima injini ndogo katikati ya kazi.

Halafu angalia upande. Reli inapita kusini mwa vilima vya Taita. Mtazamaji anayesimama kusini akitazama vilima ana Voi mkono wa kulia na Taveta kushoto. Mpango ukigeuzwa, mtu wa Mwatate ataona kasoro kabla hajaweza kuitaja.

Kutoka Voi reli inapanda, na baada ya Mwatate inaendelea kupanda hadi Maktau. Ipe kona ya kulia mwinuko wa asilimia 1.5: robo duara ya nusukipenyo cha 600 ina urefu wa milimita 942, kwa hiyo trei za Voi (mbao za kuwekea treni nzima, Hatua ya 5) zikae milimita 14 chini ya stesheni. Kona ya kushoto ipande kiasi hichohicho. Stesheni yenyewe iwe bapa kabisa, la sivyo mabehewa yatajiendea. Badiliko la mwinuko lisambaze kwenye milimita 150 mwanzo na mwisho. Likija ghafla, koplingi zitaachana.

Hatua ya 5: Trei za Voi na Taveta

Badala ya kujaza mikono kwa pointi, tumia trei. Kila trei ni ubao mwembamba wa milimita 1,100 wenye pembe mbili za alumini zilizobandikwa sambamba kama reli, na treni nzima inakaa humo. Ukimaliza safari unainua trei, unaigeuza nyuzi 180, na injini yenye tenda (gari la mafuta na maji nyuma yake) inatazama tena ilikotoka bila kuguswa. Tengeneza tatu kila upande. Zinahitajika pembe 12, na pembe ya mita 6 inatoa tano, basi nunua tatu. Weka vizuizi vya sponji kwenye ncha kabla hujainua trei.

Hatua ya 6: Mbao, reli, umeme

Plaiwudi ya milimita 9 juu, fremu ya plaiwudi ya milimita 12 yenye kimo cha 70, mbavu kila 400. Epuka ubao wa unga wa mbao uliogandishwa. Ukinyonya unyevu huvimba na haurudi. Paka rangi pande zote, hata chini, na ukague miguu kwa mchwa kila mwezi.

Reli inayopindika ya milimita 914: vipande 8 vinatosha pamoja na akiba. Kila kipande kiwe na waya wake chini. Usitegemee viungio kupitisha umeme, kwani kutu na vumbi vitavishinda. Waya mkuu uwe wa milimita za mraba 0.75. Acha mwanya wa nusu milimita kwenye viungo. Chumba cha mabati hupata joto mchana, na reli isiyo na pa kutanukia hupinda katikati ya stesheni.

Hatua ya 7: Udongo, mkonge na vilima

Udongo mwekundu ndio unaomfanya mtu aseme "hii ni kwetu". Tumia udongo halisi. Ukaange kwenye sufuria kavu ili kuua wadudu na mbegu, uchuje kwa kichungio cha chai, kisha upitishe sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni mara tatu au zaidi, mpaka itoke safi. Udongo wetu mwekundu una chembe za chuma, na hatua hii ikirukwa zitaingia kwenye mota na kuiua ndani ya wiki chache. Gandisha kwa gundi nyeupe, sehemu moja kwa tatu za maji, na tone la sabuni ya vyombo. Gundi ikikauka udongo hukoza rangi, kwa hiyo anza na uliopauka kidogo. Nyasi kavu ni kamba ya katani iliyokatwa milimita 4 hadi 6.

Shamba la mkonge linahitaji subira. Mkonge hupandwa mistari miwili miwili: mita 1 kati ya mistari pacha, mita 4 za kupita, na chini kidogo ya mita kati ya mche na mche. Kwa 1:120 hiyo ni milimita 8, 33 na 7. Kipande cha 400 kwa 100 kinachukua jozi mbili za mistari, yaani karibu miche 230. Paka karatasi ya kawaida rangi ya kijani-kijivu pande zote mbili, kata ukanda wa upana wa milimita 12, uukate meno makali yenye kina cha 9, kisha viringisha milimita 40 kwenye pini na ufungue majani kwa kidole. Miche 30 kwa jioni moja ni mwendo mzuri. Milingoti (mashina marefu ya maua ya mkonge) iwe michache sana: shamba linalovunwa vizuri halina milingoti mingi, shamba lililotelekezwa ndilo lenye msitu wake.

Vilima vya mandhari vichorwe juu na karibu, vya mbele kijani, vya mbali vikielekea buluu iliyopauka. Usichore Kilimanjaro nyuma ya Mwatate. Vilima viko kaskazini, mlima uko magharibi. Taa ziwe karibu utosini, kwa sababu jua la huku halitupi vivuli virefu saa sita mchana.

Hatua ya 8: Jaribu ratiba kabla ya kugundisha

Kabla udongo haujamwagwa, endesha ratiba hii mara tano mfululizo. Treni mchanganyiko inatoka Voi na mabehewa mawili matupu ya katani, inaingia njia ya kupishania. Treni ya mizigo kutoka Taveta inapita na kuendelea Voi. Injini inazunguka mabehewa yake, inatoa mawili yaliyojaa kwenye njia ya katani, inaingiza matupu, inarudi kichwani na kuondoka kuelekea Taveta. Mtu mmoja akiwa mzoefu, kazi yote ni dakika 15 hadi 20.

Andika kila mahali gurudumu liliporuka au mkono ulipolazimika kuingia. Njia ya katani ikijazwa na ile ya ghala ikazibwa, injini haina pa kuweka behewa la tatu. Hapo ndipo utajua kama milimita 350 za ghala zinakutosha au unahitaji 450, wakati bado unaweza kung'oa misumari na kuisogeza pointi.