Somo: Kuiona nyota ikijificha nyuma ya pacha wake kwa Excel tu

Wanajamvi, habari za jioni. Kuna aliyeuliza kama hapa Dodoma tuna darubini ya eksirei. Hatuna, na hata tungeiweka juu ya vilima vya UDOM isingeona kitu, maana angahewa inameza eksirei za nyota kabla hazijatufikia. Leteni kompyuta, bando kidogo na subira.

Nyota yetu ni Centaurus X-3, katika kundinyota la Kantarusi. Jioni za Mei tazama kusini: iko kuume kwa kundinyota la Salibu, ila kwa macho huioni. Ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichosongamana cha nyota kubwa iliyolipuka, upana kama kilomita 24 hivi. Ukitoka mjini kwenda Chamwino umeshaivuka hata hujafika. Inazungukana na nyota kubwa ya buluu na kumnyonya gesi. Gesi ikiiporomokea hupata joto la mamilioni ya nyuzi, na hapo ndipo eksirei zinapotoka. Waliotambua kwamba ni pacha walitumia setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Neno letu hilo, jamani, na shuleni hatukuambiwa.

Hatua ya 1. Ingia tovuti ya MAXI, chombo cha Wajapani kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu 2009. Kinafagia anga kila dakika 92 hivi. Tafuta Cen X-3, upakue faili la kila mzunguko wa Kituo, si la kila siku.

Hatua ya 2. Lifungue kwenye Excel. Safu ya kwanza ni MJD, yaani siku zinazohesabiwa mfululizo bila miezi. Ya pili ni mwanga wa eksirei. Ya tatu ni kosa la kipimo. Bakiza mwaka mmoja ambao nyota iling'aa vizuri. Mistari yenye kosa la kupindukia ifute, lakini namba zilizo karibu na sifuri usiziguse! Wengi huzidhani uchafu, kumbe ndizo tunazozitafuta.

Hatua ya 3. Sasa tunakunja. Kanga ukiikunja kwa kipimo sahihi, ua linalala juu ya ua. Ukikosea kidogo, maua yote yanavurugika. Kipimo chetu ni siku 2.087, muda wa pacha hawa kuzungukana mara moja. Kwenye safu mpya andika =MOD((A2-$A$2)/2.087,1), uiburute hadi chini. Utapata namba kati ya 0 na 1. Zigawe katika mafungu 20, tafuta wastani wa mwanga wa kila fungu, uchore.

Hatua ya 4. Utaona bonde la mafungu manne au matano. Hapo nyota ndogo iko nyuma ya lile pandikizi, na inakaa huko karibu nusu siku.

MASWALI

Mdau wa Kikuyu: Kaka, mchoro wangu umetoka karibu tambarare. Nilichukua faili la kila siku kwa sababu ni jepesi.

Jibu: Pole, na mimi niliteketeza usiku mbili hapo hapo. Giza lenyewe ni la nusu siku. Ukichukua wastani wa siku nzima unalichanganya na mwanga, bonde linafukiwa. Rudi kwenye faili zito.

Mwalimu wa fizikia, Kondoa: Nimesoma kwamba inapiga mapigo kila sekunde 4.8. Wanafunzi watayaona humu?

Jibu: Hapana, mwalimu. Humu kila mpito wa MAXI umebaki namba moja tu. Mapigo yanataka data yenye saa ya kila fotoni, yaani kila chembe ya mwanga, kama za NICER, darubini ya eksirei ya NASA. Ila waeleze hili: nyota ikija upande wetu mapigo yanasongamana, ikienda yanaachana, kama honi ya bodaboda inayokupita. Kundi la Uhuru lilipima mzingo kwa njia hiyo, na kupatwa kukathibitisha.

Mdau wa Manyoni: Mbona kwangu 2.089 nayo inatoa bonde zuri? Nani kakosea?

Jibu: Mwaka mmoja haukutoshi kutenganisha hizo mbili. Weka miaka mitano, mizunguko kama 875. Ukikosea siku 0.001 tu kwa kila mzunguko, kufikia mwisho umeteleza karibu saa 21. Kunja upya kwa 2.085, 2.086, hadi 2.089, kisha tuwekee hapa michoro yote mitano.